Mbio za Saa Mbovu

Kila asubuhi, kabla ya kutoka, mama yangu mdogo hutumbukiza mkono ndani ya kopo la biskuti lililojaa saa mbovu, hufumba macho na kuchomoa moja. Huilaza mezani, kumi na mbili ikitazama mlango wa mbele, kisha huangalia mshale mrefu ulifia upande gani. Ukielekea jikoni, anatoka kwa mlango wa nyuma na kupita uchochoroni. Ukielekea dirishani, anakatiza uani kwa jirani, katikati ya kamba za nguo, akiyaomba mashuka msamaha. Ukielekea kabatini, ambako hakuna mlango, anakaa, anakunywa chai nyingine, halafu anachomoa saa ya pili.

Mama mdogo ni fundi saa. Kibanda chake kiko chini ya ngazi za jengo la ofisi, mahali ambapo mwenye jengo bila shaka alikusudia kuweka mafagio. Ana meza, taa ya shingo ndefu, vibano, bisibisi nyembamba kama sindano, na kile kioo cha kukuza anachokibana jichoni mpaka uso wote unakuwa kama wa mtu aliyeuma ndimu. Ni fundi hodari. Kasoro yake ni moja tu: hakuna anayejua atafungua saa ngapi.

"Fundi saa gani wewe usiyejua saa?" mteja wake wa siku nyingi, mwalimu mstaafu, humuuliza. "Nikuletee kalenda?"

"Niletee tu, mwalimu. Nitaifunga mkononi."

Wanacheka wote wawili, na mwalimu anaondoka bila kuahidiwa kitu. Maneno "njoo saa tatu" hayajamtoka mama mdogo mdomoni kwa muda mrefu, na wateja wameanza kumhamia fundi mwingine wa mtaa wa pili. Huyo hatofautishi springi na kibanio cha nywele, lakini anafungua mapema.

Aliyeleta yote haya alikuwa mteja. Mwanamume nadhifu, alikuja mara ya kwanza na saa nzuri, ya bei, iliyosimama. Mama mdogo akaitengeneza. Baada ya siku chache yule mtu akairudisha imesimama tena. Akaitengeneza. Ikarudi. Mara hiyo mama mdogo akaona alama za koleo ndani yake: kuna mtu alikuwa anaivunja makusudi.

"Nilidhani ana mtoto mtundu," aliniambia. "Nikamshauri aiweke juu ya kabati."

Mama mdogo alipokataa kuipokea tena, yule mtu aliacha kuleta saa akawa anajileta mwenyewe. Alisimama ng'ambo ya zile ngazi, baadaye akasimama ng'ambo ya nyumba. Zikaanza simu kutoka namba mpya kila mara, zisizosema lolote isipokuwa rangi ya gauni alilovaa mama mdogo siku hiyo. Hakumgusa wala hakumtukana. Polisi walimsikiliza mama mdogo kwa upole mpaka mwisho, kisha aliyekuwa kaunta akauliza, "Kwa hiyo amekufanya nini?"

"Anasimama."

"Anasimama tu?"

"Ndiyo."

"Mama, barabara ni ya umma."

Mama mdogo ameifanya kauli hiyo kuwa ya nyumbani. Akijigonga kidole cha mguu kwenye stuli, hasemi mengine: "Barabara ni ya umma!"

Mimi ni mtoto wa dada yake. Nilihamia kwake nilipopata kazi kwenye maktaba ya chuo, kazi iliyonifaa kwa sababu humo kunong'ona ni sheria. Mimi ni mtu ninayefanya mazoezi kimoyomoyo kabla ya kuagiza chai, na chai yenyewe ikija na sukari wakati nimesema sitaki, nainywa na kushukuru. Yule mwanamume sikuwahi kumwona sawasawa. Kila mama mdogo aliponiita dirishani, "Njoo umwone, yule pale," nilichungulia nikiwa nimejificha nyuma ya pazia kiasi kwamba niliona pazia tu. Na tangu siku ya kwanza nilipoliona lile kopo nilikuwa na swali moja la kumuuliza mama mdogo. Sikuuliza. Nilikuwa bado nalifanyia mazoezi.

Mjini kuna kituo kidogo kinachowasaidia watu wanaoandamwa. Kinabadilisha vitasa vya milango, kinatoa watu wa kukusindikiza kazini na mahakamani, na kinakuamini kabla hujamaliza kueleza. Anayekiongoza ni wakili, mwanamke mfupi ambaye kila sentensi yake ni kama imegongwa muhuri. Ndiye aliyekuwa akimsaidia mama mdogo. Fedha za wasindikizaji zilipokaribia kuisha, wakili aliamua ziandaliwe mbio za hisani, akaniteua mimi kuwa katibu.

"Wewe umesoma," alisema.

"Nimesoma fasihi, wakili."

"Basi utaandika bango zuri."

Upande wa mbio zenyewe alikuwapo mwalimu wa michezo wa chuo, ambaye sote tunamwita Filimbi kwa kuwa haivui shingoni hata harusini. Yeye alinitazama miguu, akatazama viatu vyangu, akashusha pumzi.

"Dada msomi, umewahi kukimbia?"

"Nimewahi kuchelewa."

"Si mbaya. Tuanzie hapo."

Kila mkimbiaji alitakiwa kukusanya ahadi: akimaliza mbio, waliomwahidi wanachangia kituo. Nilifanya mazoezi ya kuomba mbele ya rafu za kamusi, ambazo hazikatai mtu. Nilipomfuata mkuu wa maktaba, bosi wangu, maneno yote yakanikimbia, nikamkabidhi tu karatasi yenye kiwango cha ahadi na kuangalia dari.

"Wewe? Ukimbie?" Alivua miwani. "Ukimaliza natoa mara mbili ya hiyo."

Akawaita na wenzake waje wanione. Ndivyo nilivyogeuka mkusanyaji bora wa ahadi chuo kizima, maana kila mtu aliahidi kwa moyo mkunjufu, akiwa na hakika kwamba hatadaiwa.

Bango ndilo lililonipa kiburi. Nilichora ramani ya njia yote, kila kona, na pembeni mwa kila kona saa ambayo kundi la kwanza lingepita. Filimbi alisisitiza hivyo. Kwake yeye mkimbiaji asiyejua njia ni mzururaji. Chini kwa herufi za madoido nikaandika kwamba kundi la mbele, lenye kofia za njano, litaongozwa na fundi saa wetu. Mama mdogo alikuwa amekubali kukimbia baada ya wakili kumbembeleza kwa muda mrefu. Bango lenyewe hakuwa ameliona, kwa kuwa nililibandika kwanza chuoni, na njia ya chuoni haikuwa imetokea koponi siku za karibuni.

Nilikaa na meza yangu ya kuandikisha watu kwenye korido ya maktaba, nikiomba mtu aje na pia nikiomba asije. Wa kwanza akaja. Mwanamume nadhifu, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, ananukia vizuri.

"Ndio hapa mbio za hisani?"

"Ndiyo, karibu." Nilishangaa kusikia sauti ikitoka.

"Mnafanya jambo jema sana. Watu hawa wanateseka kimyakimya."

"Sana," nilisema. Nikafikiri, tazama, si kazi ngumu hivyo, watu ni wazuri.

"Na huyu fundi saa, atakuwapo kweli?"

"Atakuwapo! Mbele kabisa. Kofia ya njano."

"Watapita kona ya duka la dawa?"

"Mapema tu, imeandikwa hapo. Chukua bango, nina mengine."

Alilikunja taratibu, kona kwa kona, kama mtu anayekunja leso. Kisha akaitazama saa yake mkononi. "Nimechelewa," akasema. Mimi nami nikaitazama, kwa mazoea ya nyumbani, kwa sababu nyumbani kwetu saa ya mgeni huangaliwa kabla ya uso wake. Ilikuwa saa nzuri, ya bei. Ilionyesha adhuhuri, na sisi tulikuwa ndio kwanza tumefungua. Mshale wa sekunde ulikuwa umetulia tuli.

Nikajua ni nani. Ulimi ulikuwa bado uko kwenye adabu zake, na alipogeuka kuondoka nikamwambia, "Karibu tena."

Jioni nilimweleza mama mdogo. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, lakini yalitoka yote kwa mkupuo.

"Umemchorea ramani?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Na rangi umetia?"

"Njano na bluu."

Alinitazama, midomo ikaanza kumcheza, akacheka. Alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. "Mwaka mzima naruka kamba za nguo za watu kama mbuzi," alisema, "kumbe ndani ya nyumba nafuga mchora ramani!" Nami nikacheka, kwa kuwa kilio kilikuwa karibu mno. Kisha akaenda kuvuta pazia, akachukua kopo lake na kulipakata kama mtoto mwenye homa.

"Basi mimi siendi. Waambie nina mafua."

"Mama mdogo, mbio ni wiki ijayo."

"Yatakuwa mafua ya kudumu."

Aliendelea, akilizungusha kopo mapajani. "Unajua nilichokuwa nakifikiria? Kwamba baada ya mbio hizi nitamwambia mtu, njoo saa tatu. Akija saa tatu anikute. Basi, hilo tu. Sikuwa na makubwa."

Alipokwenda kuosha vikombe, nilizimwaga zile saa mezani. Sijui nilikuwa natafuta nini. Nilizipanga moja moja, kumi na mbili ikitazama mlango wa mbele, kama afanyavyo yeye. Mishale ilielekea jikoni, dirishani, kabatini, kwenye picha ya bibi ukutani. Hakuna hata mmoja ulioelekea mlango wa mbele, njia fupi ya barabara kuu. Alikuwa amezitoa zote zilizoelekea huko. Nilikaa nikizitazama, na hapo ndipo nilipopata wazo ambalo kesho yake, mbele ya kamati, lilinitoa jasho kuliko mazoezi yote ya Filimbi.

Tulikutana kwenye stoo ya vifaa vya michezo. Nilikalia mpira, kwa kuwa viti vilikuwa vya wenye mamlaka.

"Mbio zisiwe na njia," nilisema.

"Sema kwa sauti," wakili aliniamuru.

"Zisiwe na njia! Tugawanyike makundi. Kila kundi litoe saa mbovu koponi, mshale mrefu ukielekea geti fulani la uwanja wa chuo, litokee geti hilo. Likimbie litakako, lirudi uwanjani. Mabango yabaki ukutani vilevile."

Filimbi alisimama. "Mbio bila njia ni fujo."

"Ni fujo iliyokatazwa na sheria?" aliuliza wakili.

"Hapana, lakini…"

"Imepita. Endelea, katibu."

"Na kofia za njano tuvae wote. Na namba kifuani iwe moja kwa wote."

"Namba ipi?"

"Moja."

"Wote wawe namba moja?" Filimbi nusura ameze filimbi. "Sasa nani atakuwa wa pili?"

"Yule mtu siwezi kumzuia kusimama kwenye kona," wakili alisema bila kumjibu. "Nimekwisha kujaribu. Mpaka leo nina neno la mwanamke mmoja dhidi ya neno lake. Akisimama mbele ya umati, nitakuwa na mashahidi."

Lililobaki ni kuliomba kopo. Mama mdogo alinisikiliza mpaka mwisho, akiwa na kile kioo chake jichoni, hata sikujua jicho lipi linanitazama.

"Kopo langu haliendi mahali peke yake," alisema.

Nilielewa kwamba mafua yamepona.

Siku ya mbio uwanja ulikuwa wa njano tupu. Kutoka jukwaani ungedhani mtu amemwaga vifaranga. Wanawake wa kituo walikuwapo, wamechanganyika na wanafunzi, wauguzi, mafundi, na bosi wangu aliyekuja na kiti chake mwenyewe kushuhudia nikishindwa. Viongozi wa makundi walipanga foleni kwenye kopo, na Filimbi aliilaza kila saa chini, kumi na mbili ikitazama jukwaa, na kusoma mshale kwa uso wa mtu anayesoma matokeo ya mtihani wa mwanawe.

Mimi nilikuwa kundi la mama mdogo. Alifumba macho, akachomoa. Ilikuwa saa ndogo ya kike, kioo kimepasuka. Nyumbani mshale wake ulikuwa wa jikoni. Naifahamu, imetupitisha uchochoroni mara nyingi. Ila uwanja si sebule. Hapa, upande wa jiko lilikuwapo geti la barabara kuu, linalotazama kona ya duka la dawa.

Mama mdogo aliitazama, akatazama geti. "Hili jiko mbona si langu?"

"Chomoa nyingine, mama," Filimbi alimnong'oneza, yeye mwenye sheria. "Nitafunga kiatu, sitaona kitu."

Nilimwona mama mdogo akifikiri. Kopo lilikuwa wazi mbele yake, limejaa madirisha na makabati. Akaitia ile saa mfukoni. "Siku zote nimelitii," alisema. "Nikilidharau leo mbele za watu, kesho nitalitazamaje?"

Tukatoka. Niseme ukweli kuhusu mbio zangu: wenzangu walikimbia, mimi nilifuata habari zao. Kabla ya kufika taa za barabarani pumzi zilikuwa zinaingia kwa zamu. Mzee mmoja mwenye fimbo alinipita akanitakia afya njema. Kwa hiyo nilipofika kona ya duka la dawa kundi lilikuwa limekwisha kusimama, nami nikajigonga mgongoni mwa wakili.

Alikuwa pale, chini ya kivuli cha duka, bango langu mkononi, limekunjwa kona kwa kona. Alikuwa akitafuta kofia ya njano na alikuwa amezipata nyingi mno. Alitazama uso mmoja, akahamia mwingine, namba moja, namba moja, namba moja. Mama mdogo ndiye aliyesogea mbele. Alisimama tu, na sisi tukasimama nyuma yake, tukamtazama yule mwanamume.

Mwanzoni alitabasamu. "Nimekuja kushangilia," alisema. "Endeleeni basi."

Hakuna aliyeendelea. Muuzaji wa duka la dawa alitoka mlangoni na dawa ya mteja mkononi.

"Mbona mnanitazama? Nimewafanya nini?"

Sijui nini kilinipata. Pengine ni ukosefu wa hewa. Nilifungua mdomo na sauti ikatoka kubwa, ya mtu mwingine kabisa: "Barabara…" nikakatika pumzi. Nikashika magoti. "Barabara… ni…" Ikawa basi, sikuwa na zaidi, nikaona kama nimeliharibu tendo pekee la ushujaa nililowahi kulijaribu.

"Ya umma!" walimalizia wanawake wa kituo, wote kwa pamoja, bila kufundishwa. Baadaye ndipo nilipojua kwamba wengi wao waliwahi kuambiwa maneno hayo hayo, kila mmoja kwenye kaunta yake.

Yule mwanamume aliitazama saa yake iliyosimama, kama mtu mwenye miadi. Akageuka, akaenda, kwanza polepole, kisha si polepole tena. Tulimtazama mpaka akakata kona. Wakili alikuwa amekwisha kumshika mkono muuzaji wa duka la dawa na kumuuliza kama angekubali kueleza alichokiona, na huyo akasema angekubali, na kwamba mtu yule alikuwa amesimama pale tangu asubuhi.

Mama mdogo alivua kofia, akajipepea, akaivaa tena. "Haya, twendeni," alisema. "Huyu mtoto akipoa hatembei tena."

Uwanjani ilikuwa vurugu tupu. Kundi moja lilirudi kutoka upande wa sokoni likiwa na watu zaidi ya waliotoka. Filimbi, ambaye saa yake ilimpeleka uchochoroni, alifika mwisho kabisa, ana shuka la mtu begani. Bosi wangu aliniona nikiingia getini kwa miguu yangu, akainuka kitini.

"Umekuwa wa ngapi?"

Nilimwonyesha namba kifuani.

"Hawa wote ni namba moja! Huu ni utapeli!"

"Lete mchango, mzee," Filimbi alimwambia, akikunja shuka. "Mara mbili, tulisikia."

Alitoa, akinung'unika, na wenzake wakatoa, na wasindikizaji wa kituo waliendelea na kazi. Wakili alisema kesi sasa ina miguu, ila alikataa kutuahidi itatembea haraka kiasi gani. Yule mtu hajahama mji. Hatukujidanganya juu ya hilo.

Kesho yake asubuhi niliamka nikagundua kwamba ngazi ni kitu cha kikatili. Nilishuka kwa makalio, ngazi moja moja, nikamkuta mama mdogo sebuleni, amevaa, mkoba begani. Kopo lilikuwa juu ya kabati, limefunikwa. Alikuwa amesimama mbele ya mlango wa mbele, ameshika kitasa kile kipya kilichowekwa na kituo, na hakuwa amekizungusha.

Sikulifanyia mazoezi. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya mwisho, miguu imenyooka mbele yangu kama ya mwanasesere, nikaliuliza lile swali langu moja.

"Mama mdogo, bado unamwogopa?"

"Ndiyo," alisema. "Lakini mwalimu nimemwambia aje saa tatu."